Waliofungua Mlango: Jinsi Wafashisti Walivyoingia Madarakani Ulaya

Mwanafunzi wa historia wa sekondari hufundishwa orodha ya sababu na kuikariri kabla ya mtihani: Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles, mfumuko wa bei, mdororo wa uchumi wa 1929, hofu ya ukomunisti, uchanga wa demokrasia. Hakuna la uongo katika orodha hiyo. Kasoro yake ni kwamba inaeleza kwa nini watu walikuwa na hasira, kisha inaturusha moja kwa moja hadi kwa dikteta aliyekwisha kukaa kitini. Katikati pameachwa patupu. Njaa haimwapishi mtu. Mussolini aliteuliwa na mfalme, Hitler aliapishwa na rais, na wote wawili waliitwa kushika madaraka kwa taratibu za kikatiba, wakati hakuna kati yao aliyekuwa amewahi kupata nusu ya kura katika uchaguzi huru.

Hapo patupu ndipo ninapotaka tukae. Kwa maoni yangu, swali kubwa la kipindi kile si kwa nini mamilioni walimpenda kiongozi mwenye sare na sauti kali. Watu wa namna hiyo walikuwepo karibu kila nchi ya Ulaya, na wafuasi wao pia. Swali ni kwa nini katika nchi fulani watu waliokuwa tayari na madaraka, yaani wafalme, marais, majenerali, wenye mashamba na mawaziri wa zamani, waliamua kuwafungulia mlango.

Orodha ya shuleni haiwezi kujibu swali hilo, na tarehe zenyewe zinaikana. Mdororo wa 1929 haukumleta Mussolini, aliyekuwa na miaka saba madarakani ulipoanza. Mfumuko wa bei wa Ujerumani, ule wa watu kubeba noti kwa vikapu, ulikwisha mwishoni mwa 1923, na katika uchaguzi wa 1928 chama cha Wanazi kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Marekani, mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne hakuwa na kazi mwaka 1933, na bado nchi ilibaki na uchaguzi na mahakama zake. Chekoslovakia, iliyozaliwa na vita vilevile mwaka 1918, iliendelea na bunge lake mpaka majirani na marafiki walipoikatakata mwaka 1938.

Tuanze na Italia, kwa kuwa huko ndiko jambo lilikoanzia. Benito Mussolini alikuwa msoshalisti na mhariri wa gazeti la chama, Avanti!, hadi alipofukuzwa mwaka 1914 kwa kutaka nchi yake iingie vitani. Tarehe 23 Machi 1919 aliwakusanya watu wachache katika ukumbi mmoja wa uwanja wa San Sepolcro mjini Milan, wengi wao wakiwa wanajeshi waliorudi vitani, akaanzisha kundi lake. Madai yao ya mwanzo yalikuwa mchanganyiko: kura kwa wanawake, kodi nzito kwa waliotajirika kwa vita, na uzalendo wa kupiga kelele. Novemba mwaka uleule walisimama katika uchaguzi. Milan nzima iliwapa kura zisizofika 5,000, na hawakupata kiti hata kimoja.

Miaka mitatu baadaye mtu huyo alikuwa waziri mkuu. Nguvu iliyombeba ilitoka mashambani, katika bonde la mto Po, kuzunguka miji ya Bologna na Ferrara. Huko vyama vya vibarua vilivyoongozwa na wasoshalisti vilikuwa vimepata nguvu kiasi cha kumpangia mwenye shamba idadi ya vibarua wa kuajiri kwa kila hekta wakati wa baridi, hata kama kazi hakuna. Aliyekataa alisusiwa: hakuna wa kumvunia, hakuna wa kumuuzia. Kisha Septemba 1920 wafanyakazi wa viwandani wakavikalia viwanda. Waziri mkuu wa wakati huo, mzee Giovanni Giolitti, alikataa kutuma jeshi. Alisubiri hadi wakachoka wenyewe, na hesabu yake ilikuwa sahihi, kwa sababu walitoka bila kulazimishwa na jeshi. Lakini wenye mashamba na wenye viwanda hawakuuona ushindi huo. Walichoona ni serikali isiyowatetea, wakaanza kutafuta wa kuwatetea.

Wakawapata vijana wa mashati meusi. Malori yalitoka mjini usiku, yakiwa yamejaa watu wenye marungu, bastola na bunduki, yakaingia kijijini kabla ya alfajiri. Walichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi, mitambo ya magazeti na maduka ya ushirika. Kiongozi wa kijiji alitolewa kitandani mbele ya mkewe na watoto, akapigwa, kisha akashikwa na kunyweshwa mafuta ya nyonyo kwa nguvu hadi ajichafue mbele ya watu. Hilo lilipangwa makusudi. Mtu aliyeuawa huwa shujaa wa wenzake, lakini aliyedhalilishwa hadharani hurudi nyumbani, akafunga dirisha na kunyamaza. Miezi michache ya kazi hiyo ilivunja vyama vilivyojengwa kwa miaka thelathini.

Na dola lilikuwa wapi? Mara nyingi lilikuwa palepale, likitazama. Italo Balbo, bwana mkubwa wa Wafashisti wa Ferrara, aliandika mwenyewe katika shajara yake jinsi, mwishoni mwa Julai 1922, alivyokwenda kwa mkuu wa polisi wa Ravenna kudai malori, akidai kwamba anataka kuwaondoa vijana wake mjini ili pasitokee fujo. Akapewa. Kwa malori hayo alizunguka mikoa ya Ravenna na Forlì usiku na mchana, akichoma kila nyumba ya wasoshalisti iliyokuwa njiani. Ukiisoma habari hiyo unaelewa kwamba neno udhaifu halitoshi kuieleza serikali ile. Malori yalikuwepo, mafuta yalikuwepo, polisi walikuwepo. Walichagua upande.

Giolitti naye alifanya kosa lake, na nadhani ndilo kubwa kuliko yote kabla ya 1922. Katika uchaguzi wa Mei 1921 aliwaweka Wafashisti kwenye orodha moja na waliberali wake, akiamini kwamba wakionja bunge watatulia, kama alivyokuwa amewatuliza wengine kwa miaka mingi. Wakapata wabunge 35, pamoja na jambo ambalo hawangeweza kulipata kwa marungu, yaani heshima. Raia wa kawaida aliyekuwa akiwaona kama wahuni wa barabarani sasa aliwaona kwenye karatasi moja ya kura na mawakili na maprofesa.

Safari ya kwenda Roma, ile ambayo Wafashisti waliipamba baadaye kama mapinduzi, ilikuwa ya kuhuzunisha ukiitazama kwa karibu. Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Oktoba 1922, maelfu ya mashati meusi walikuwa wamekwama kwenye vituo vya reli mbali na mji mkuu, mvua ikiwanyeshea, chakula hakuna, wengine hawana hata bunduki. Vikosi vidogo vya jeshi vilikuwa vimezuia njia za reli na vimeweza. Alfajiri baraza la mawaziri la Luigi Facta liliamua kutangaza hali ya hatari, telegramu zikapelekwa kwa wakuu wa mikoa. Kilichobaki ni sahihi ya mfalme. Facta alipofika ikulu asubuhi, Vittorio Emanuele III akakataa kutia sahihi.

Kwa nini alikataa, wanahistoria wanabishana hadi leo. Huenda aliogopa kwamba jeshi halitawapiga risasi watu waliokuwa wakishangilia jeshi. Huenda alimhofia binamu yake, Duke wa Aosta, aliyependwa na Wafashisti. Huenda hakutaka damu. Vyovyote iwavyo, telegramu zilifutwa, na Mussolini, ambaye muda wote huo alikuwa Milan, karibu kabisa na mpaka wa Uswisi, akapanda treni yenye vitanda usiku wa tarehe 29 na kuwasili Roma asubuhi ya 30 akiwa waziri mkuu mteule, mwenye umri wa miaka 39. Maandamano yenyewe mjini yalifanyika baada ya hapo, kwa ruhusa. Wiki chache baadaye bunge lililokuwa na Wafashisti wasiozidi arobaini lilimpa kura ya imani, 306 dhidi ya 116. Hao wengine mia mbili na zaidi ndio ninaowazungumzia.

Kuna uzi mmoja katika habari hii unaopita kwetu, na unastahili kutajwa bila kutiwa chumvi. Watu waliojaza makundi haya, Italia na Ujerumani, walikuwa wamejifunza kazi yao mahali fulani. Wengi walijifunza kwenye mahandaki ya vita. Baadhi walijifunza katika makoloni. Franz von Epp alikuwa afisa katika vita vya kuwaangamiza Waherero kule Namibia ya leo. Mwaka 1919 aliingia Munich na wanamgambo wake kuwaponda wakomunisti, na Machi 1933 ndiye aliyetumwa kuikamata serikali ya Bavaria kwa niaba ya Hitler. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda yule yule wa Kijerumani aliyeburuta vita kutoka Tanga hadi Msumbiji na kusalimu amri Abercorn mwezi Novemba 1918, alishiriki mapinduzi yaliyoshindwa ya Kapp mjini Berlin na mikoani mwezi Machi 1920, akafukuzwa jeshini. Hata shati la kahawia la Wanazi lilianza kama mzigo wa sare za jeshi la makoloni uliobaki bila mtumiaji baada ya vita. Wanamgambo wa Gerhard Roßbach walioanza kulivaa waliliita shati la Lettow.

Lakini hoja hiyo ina kikomo chake. Uingereza na Ufaransa zilikuwa na makoloni makubwa zaidi, zikiyatawala kwa bunduki na kiboko, na hazikuangukia ufashisti kwao. Ukoloni ulitoa watu, mbinu na mazoea ya kumwona binadamu mwingine kama kizuizi cha kuondolewa. Mlango wa ikulu ulifunguliwa kwa mikono mingine.

Ujerumani inaonyesha mikono hiyo wazi kuliko kwingine kokote, kwa sababu mwishoni mwa 1932 Wanazi walikuwa wanateremka. Hili husahauliwa mno. Ni kweli walikuwa wamepanda kwa kasi ya kutisha: viti 107 katika uchaguzi wa Septemba 1930, viti 230 na asilimia 37.3 ya kura mwezi Julai 1932, wakati watu wapatao milioni sita hawana kazi. Wapiga kura wao pia hawakuwa wale ambao wengi hudhani. Waliokosa kazi mijini walielekea zaidi kwa wakomunisti, na maeneo ya Wakatoliki yalishikamana na chama chao cha Zentrum. Ngome ya Hitler ilikuwa vijijini na miji midogo ya Waprotestanti, kwa wakulima wenye madeni, wenye maduka, makarani na watumishi wa serikali walioogopa kushuka daraja. Jimbo la kilimo la Schleswig-Holstein lilimpa zaidi ya nusu ya kura zake Julai ile.

Halafu wakaanza kuishiwa. Uchaguzi wa Novemba 1932 uliwapokonya kura milioni mbili, viti vikashuka hadi 196. Hazina ya chama ilikuwa tupu, wapiganaji wa mitaani walikuwa na hasira, na mwezi Desemba Gregor Strasser, mtu wa pili kwa uzito katika chama, alijiuzulu nyadhifa zake. Magazeti ya Berlin yaliingia mwaka mpya yakiandika kwamba hatari imepita.

Ilikuwa imepita mitaani, huku ndani ya nyumba ikiendelea. Tangu 1930 Ujerumani ilikuwa haitawaliwi na bunge. Kansela Heinrich Brüning, kisha Franz von Papen, kisha Jenerali Kurt von Schleicher, wote walitawala kwa amri za dharura za Rais Paul von Hindenburg chini ya Ibara ya 48 ya katiba. Brüning alipunguza mishahara na posho katikati ya mdororo, akaongeza maumivu ambayo Wanazi waliyavuna. Papen, Julai 1932, aliiondoa kwa amri serikali halali ya jimbo la Prussia, iliyoongozwa na wasoshalisti na kubeba sehemu kubwa zaidi ya nchi pamoja na polisi wake. Kwa hiyo Hitler alipofika, demokrasia ilikuwa tayari imevuliwa nguo na watu waliojiita walinzi wa utaratibu. Walichokosa wao ni umma, na Hitler alikuwa nao. Walitaka kuuazima.

Tarehe 4 Januari 1933 Papen, aliyekuwa na kinyongo na Schleicher kwa kumwondoa, alikutana na Hitler nyumbani kwa mwenye benki Kurt von Schröder mjini Cologne. Siku chache baadaye wakuu wa chama cha wenye mashamba walikwenda kwa Hindenburg kumshtaki Schleicher, wakati kamati ya bunge ilikuwa inachokonoa jinsi fedha za kuwasaidia wenye mashamba wa mashariki zilivyotumika vibaya. Mzee huyo wa miaka 85, mwenye shamba la mashariki yeye mwenyewe, alikuwa amesema mara kwa mara kwamba hatamfanya Hitler kansela. Mwanawe Oskar, katibu wake Otto Meissner na Papen walimzunguka hadi akakubali. Mpango ulionekana wa kuaminika: Hitler awe kansela, Papen awe makamu wake na asikosekane kila kansela anapomwona rais, na Wanazi wengine wawe wawili tu katika baraza zima, Wilhelm Frick na Hermann Göring. Alfred Hugenberg, tajiri wa magazeti, akapewa uchumi na kilimo. Papen aliwahakikishia rafiki zake kwamba ndani ya miezi miwili watakuwa wamembana Hitler kwenye kona.

Ingekuwa rahisi kumcheka Papen, lakini alikuwa akifikiri kama Giolitti, na Giolitti hakuwa mjinga. Wote wawili walimpima mgeni kwa kipimo cha siasa walizozijua, ambamo kila mtu ana bei, na mtu akipewa wizara hutulia. Papen hakuelewa kwamba Wanazi wale wawili walikuwa wameshika polisi. Frick alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa nchi, na Göring alishika wizara hiyohiyo Prussia, ile Prussia ambayo Papen mwenyewe alikuwa ameinyang'anya kutoka kwa wasoshalisti. Göring aliwaapisha mashati ya kahawia na wenzao kwa maelfu kuwa polisi wasaidizi. Mhuni aliyekuwa akipiga watu barabarani mwezi Januari alikuwa akiwakamata kisheria mwezi Februari.

Upande wa pili, wale ambao wangeweza kuuzuia mlango kwa nje walikuwa wamegeukiana. Katika bunge la Novemba 1932 wasoshalisti walikuwa na viti 121 na wakomunisti 100, jumla 221, zaidi ya Wanazi. Lakini wakomunisti walifuata mstari wa Moscow uliotangazwa tangu 1928, kwamba wasoshalisti ni pacha wa ufashisti na ndio wa kupigwa kwanza. Wala wakomunisti hawakusahau wala kusamehe kwamba serikali ya kisoshalisti ilikuwa imewatumia wanamgambo mwaka 1919 kukandamiza uasi ambamo Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht waliuawa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Moscow ilibadili msimamo mwaka 1935, wakati viongozi wa vyama vyote viwili vya Ujerumani walikwisha kukutana kambini Dachau na kwingineko.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia haraka. Bunge liliungua tarehe 27 Februari 1933, kesho yake amri ya dharura ikafuta haki za raia. Uchaguzi wa Machi 5, uliofanyika chini ya marungu, uliwapa Wanazi asilimia 43.9, ambayo bado haikufika nusu. Machi 23, katika jumba la opera la Kroll, bunge lilipiga kura kujinyang'anya mamlaka yake lenyewe, 444 dhidi ya 94. Wakomunisti walikuwa jela au mafichoni. Wasoshalisti peke yao walikataa, na Otto Wels alisimama kuwasemea huku mashati ya kahawia yamejipanga ukutani. Kura za Zentrum ndizo zilizotimiza theluthi mbili. Kufikia Julai 14 palikuwa na chama kimoja kisheria.

Italia ilikwenda polepole zaidi, na polepole hiyo inafundisha jambo jingine: mlango ulifunguliwa zaidi ya mara moja. Tarehe 30 Mei 1924 mbunge msoshalisti Giacomo Matteotti alisimama bungeni na kusoma, jimbo kwa jimbo, jinsi uchaguzi wa Aprili ulivyoibwa, wakati Wafashisti wakimzomea kutoka viti vyao. Juni 10 alikamatwa na watu watano karibu na nyumbani kwake, kandokando ya mto Tiber, akasukumizwa ndani ya gari. Maiti yake ilipatikana Agosti. Nchi ilishtuka, watu wakavua beji za chama, na kwa wiki kadhaa Mussolini alikuwa amekwisha. Wabunge wa upinzani wakatoka bungeni wakisubiri mfalme afanye kazi yake, naye hakufanya. Seneti ilimpa Mussolini kura ya imani, na hata mwanafalsafa Benedetto Croce, ambaye baadaye alikuwa mpinzani mkubwa wa utawala ule, alipiga kura ya ndiyo. Tarehe 3 Januari 1925 Mussolini aliingia bungeni, akatangaza kwamba anabeba jukumu la yote yaliyotokea, akawakaribisha wamshtaki. Hakuna aliyemshtaki. Hapo ndipo udikteta ulipoanza rasmi. Mwaka 1931 maprofesa zaidi ya elfu moja wa vyuo vikuu walitakiwa kula kiapo cha utii kwa utawala. Waliokataa walikuwa kumi na wawili hivi.

Nisiwatumbukize madikteta wote wa wakati ule katika kapu moja. Miguel Primo de Rivera wa Hispania, Józef Piłsudski wa Poland, mfalme Alexander wa Yugoslavia, António de Oliveira Salazar wa Ureno na Ioannis Metaxas wa Ugiriki walifuta au kufinya mabunge, lakini wengi wao walitaka umma ukae kimya nyumbani, wakati mfashisti anautaka barabarani ukiimba. Hawa wahafidhina mara nyingine waliwaponda Wafashisti wa kwao bila huruma. Salazar aliipiga marufuku harakati ya mashati ya bluu mwaka 1934. Mfalme Carol wa Romania alimfunga Corneliu Codreanu, kiongozi wa Walinzi wa Chuma, naye akanyongwa na askari waliomsindikiza usiku mmoja wa Novemba 1938. Kwa mfungwa tofauti hiyo ilikuwa ndogo. Kwetu tunaochambua ina uzito, kwa sababu inathibitisha kwamba wenye dola walipotaka kuwazuia Wafashisti, waliweza.

Na Finland ilithibitisha kwamba waliweza bila hata kuua demokrasia. Nchi hiyo ilikuwa imepita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1918, na harakati ya Lapua iliyozuka 1929 ilikuwa inawateka nyara wapinzani na kuwatupa mpakani mwa Urusi. Rais Pehr Evind Svinhufvud hakuwa mtu wa mrengo wa kushoto hata kidogo. Alikuwa mhafidhina aliyewachukia wakomunisti, na Lapua wenyewe walikuwa wamemsaidia kuchaguliwa mwaka 1931. Mwishoni mwa Februari 1932 watu wenye silaha walikusanyika Mäntsälä wakidai serikali iondoke. Rais alizungumza redioni Machi 2. Aliwaambia wafuasi warudi makwao na kwamba watakaotii hawataadhibiwa, ila viongozi watajibu. Jeshi lilimtii, watu wakatawanyika kwenye theluji, na Lapua ikapigwa marufuku kwa sheria ileile ambayo harakati hiyo ilikuwa imeishinikiza itungwe dhidi ya wakomunisti. Ukimweka mzee huyo kando ya mfalme wa Italia, nguvu zao za kikatiba hazitofautiani sana, wala itikadi zao haziko mbali. Kilichotofautiana ni uamuzi wa siku chache.

Ubelgiji nayo ilifanya vile ambavyo Ujerumani ilishindwa. Chama cha Rex cha Léon Degrelle kilipata viti 21 mwaka 1936, na Aprili 1937 Degrelle akalazimisha uchaguzi mdogo mjini Brussels ili aonyeshe nguvu zake. Wakatoliki, waliberali, wasoshalisti na wakomunisti wote walimuunga mkono mgombea mmoja, waziri mkuu Paul van Zeeland, na askofu mkuu wa Mechelen akawaambia waumini hadharani kwamba Rex ni hatari. Degrelle alipata asilimia 19 hivi, mpinzani wake 76.

Afrika ya Mashariki iliujua ufashisti mapema kuliko sehemu kubwa ya Ulaya, kwa sababu ulikuwa jirani. Jeshi la Mussolini lilivuka kuingia Ethiopia tarehe 3 Oktoba 1935 kutoka Eritrea na Somalia, likiongozwa kwa upande wa kusini na Rodolfo Graziani, aliyekuwa amewafungia watu wa Cyrenaica, Libya, kambini na kusimamia kunyongwa kwa mzee Omar Mukhtar mwaka 1931. Ndege zilimwaga gesi ya sumu juu ya askari, mifugo na vijito vya maji. Wakimbizi walivuka hadi Isiolo, Kenya. Mjini London Jomo Kenyatta alikuwa katibu wa chama cha Waafrika marafiki wa Ethiopia, pamoja na C.L.R. James. Mwaka 1941 askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa miongoni mwa waliowaondoa Waitalia, wakati wakoloni waliowatuma hawakuwa na nia ya kuwapa wao wenyewe uhuru huo.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi mataifa makubwa yalivyorudia kwa Ethiopia hesabu ya Papen na Giolitti. Shirikisho la Mataifa lilitangaza kwamba Italia imevamia, likaweka vikwazo mwezi Novemba 1935, na likaacha nje ya orodha mafuta, ambayo bila hayo ndege na malori yasingetembea. Mfereji wa Suez uliachwa wazi kwa meli zilizobeba askari na sumu. Desemba, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Samuel Hoare, na Pierre Laval wa Ufaransa walipatana kwa siri kumpa Mussolini sehemu kubwa ya nchi ya watu wengine. Walitaka kumbakiza upande wao dhidi ya Hitler, na walidhani akilishwa atatulia. Siri ilivuja magazetini, Hoare akajiuzulu, na vita vikaendelea. Machi 7, 1936, wakati Geneva ikijadili Ethiopia, Hitler aliingiza jeshi Rhineland kinyume cha mkataba, na hakuna aliyemzuia. Mei 5 Addis Ababa ikatekwa.

Juni 30 Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, alisimama mbele ya mkutano wa Shirikisho. Waandishi wa habari wa Kiitalia kwenye roshani walimpigia miluzi na kumzomea hadi wakatolewa na polisi, kisha akaeleza, kwa Kiamhari, jinsi gesi ilivyonyunyizwa kutoka angani mithili ya mvua. Siku nne baadaye mkutano uleule uliamua kuondoa vikwazo dhidi ya Italia, na Julai 15 vikaondolewa. Jioni ya Julai 17 wanajeshi wa Hispania waliasi dhidi ya serikali iliyochaguliwa, wakianzia Morocco. Kabla mwezi haujaisha, ndege za Mussolini na za Hitler zilikuwa zimefika Morocco kumvushia Jenerali Franco askari wake.